Mtoto Aliyeachwa Nje ya Nyumba

Fundi alipima chumba cha juu, akaandika kipimo kwa penseli kwenye chokaa ya ukuta, akateremka kichochoroni akapima upande wa nje, kisha akapanda tena na tepu yake mkononi ili anionyeshe tofauti. Tulikuwa katika nyumba ya ukoo wetu, Kibokoni, Mombasa, tukitaka kubadilisha boriti zilizoliwa na mchwa, na vipimo viwili vya chumba kimoja vilikuwa vimepishana mno hata nikamwomba apime upya. Akaupiga ukuta kwa kiganja.

"Hakuna kosa, ndugu yangu. Ukuta ndio uliokula."

Aliyelelewa Mji wa Kale hahitaji maelezo zaidi. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa hukaribia nusu mita kwa unene, na upana wa chumba huamuliwa na boriti ya mkoko, ambayo haiwezi kuvuka mita tatu na bado ikaubeba uzito wa dari ya mawe. Kwa hiyo ndani ya nyumba zetu ni padogo kuliko nje, na hakuna anayeshangaa.

Hata hivyo, tarakimu zile za penseli zilinikumbusha nyumba nyingine, iliyofanya kinyume cha hayo. Kwa wiki kadhaa sikupata utulivu mpaka nilipokitoa kitabu chenyewe sandukuni na kukisoma upya, ukurasa kwa ukurasa, pamoja na tanbihi zake zote.

Robo inchi

Kitabu ni House of Leaves, riwaya ya kwanza ya Mmarekani Mark Z. Danielewski, iliyotoka mwaka 2000. Will Navidson, mpiga picha wa habari mwenye sifa kubwa, anahamia pamoja na mwenzake Karen na watoto wao wawili katika nyumba iliyoko Ash Tree Lane, jimboni Virginia. Siku moja wanarejea kutoka safarini na kukuta mlango ambao hawakuuacha pale, na nyuma yake kijichumba kitupu kilichojipenyeza kati ya chumba chao na cha watoto. Navidson anaanza kupima. Anapima ndani, anapima nje, na anagundua kwamba ndani ni papana kuliko nje kwa robo inchi.

Robo inchi tu.

Anamwita ndugu yake Tom, anamwita rafiki yake mhandisi, wanaleta vifaa bora zaidi, na tofauti haiondoki. Baadaye ushoroba wa giza unafunguka katika ukuta wa sebule, na humo mna kumbi zisizo na mwisho, ngazi ya mzunguko inayoshuka kusikofikika, kuta zinazojisogeza, na mngurumo ambao haujulikani unatoka kwa kiumbe gani.

Habari hizi zinatufikia zikiwa zimepitia mikono mingi. Mzee kipofu aitwaye Zampanò amefariki na kuacha lundo la maandishi kuhusu filamu aliyoitengeneza Navidson. Kijana Johnny Truant, mfanyakazi wa duka la kuchora chale huko Los Angeles, anayakusanya na kuyajaza tanbihi za maisha yake mwenyewe. Kisha wahariri wasio na majina wanaongeza zao. Filamu yenyewe, Johnny anatuambia mapema, haipo.

Nilikipata kitabu hiki nilipokuwa nimemaliza kidato cha nne, kwa muuzaji wa vitabu vya mitumba ambaye bidhaa zake nyingi zilikuwa zimeachwa na watalii mahotelini. Nilikisomea nyumbani, chumba kilekile cha juu, na huko ndiko bibi yangu alikokiona. Bibi hakujua Kiingereza, lakini maandishi aliyajua: alikuwa ameona herufi zilizopangwa katika miraba ndani ya hirizi, na alikuwa amenywa kombe lililoandikwa kwa zafarani alipougua. Alikutana na ukurasa wenye mraba wa buluu katikati, maneno mengine yamepinduliwa kichwa chini, mengine yakishuka ubavuni. Akakizungusha kitabu polepole mikononi ili aufuate mstari, akakizungusha tena, kisha akaniuliza:

"Mwanangu, talasimu hii ni ya kufunga au ya kufungua?"

Nilimwambia kwamba ni hadithi tu, naye hakuridhika. Nikilifikiria swali lake leo, naona kwamba aliingia ndani ya kitabu kwa haraka kuliko wahakiki wengi. Alitambua kwamba maandishi yale yamepangwa ili yamfanye mtu jambo fulani. Ndivyo yalivyo. Ushoroba unapobana, ukurasa unabaki na maneno machache, na msomaji anajikuta akifunua kwa kasi, pumzi zikimkimbia pamoja na wanaokimbizwa. Katika sura ya mzingile, tanbihi moja inakupeleka kwenye nyingine, nayo inakurudisha ulikotoka. Mraba ule wa buluu unaorodhesha vitu visivyokuwamo nyumbani humo, na ukifunua ukurasa unayaona maneno yaleyale yamegeuzwa, kana kwamba umesimama upande wa pili wa kioo. Neno "nyumba" limechapwa kwa rangi ya buluu kila linapotokea, na vifungu vinavyomhusu yule fahali-mtu wa hekaya ya Kigiriki vimechapwa kwa wino mwekundu na kukatwa kwa mstari.

Ustadi huo haujachakaa hata kidogo. Niliogopa kwamba ningekuta mapambo matupu ya ujanani, lakini moyo ulinidunda mahali palepale uliponidunda zamani. Wala sikuhitaji kufundishwa kwamba riwaya inaweza kuvunja njia yake yenyewe, kwani mwandishi wa Tanzania Euphrase Kezilahabi alikuwa amekwisha kutoa riwaya ya Nagona mwaka 1990 na Mzingile mwaka uliofuata, na msomaji wa Kiswahili aliyevipitia vitabu hivyo viwili alikuwa na mazoezi ya kutosha ya kupotea.

Giza lisilo na mwenyewe

Nimejiuliza ni kitu gani hasa kilichonitisha wakati ule, na jibu langu ni kwamba nyumba ya Navidson haina mtu ndani.

Giza la hadithi tulizolelewa nazo lina wakazi. Nyumba iliyofungwa miaka mingi huambiwa ina wenyewe. Mtu hupiga bismillahi kabla ya kumwaga maji ya moto uani usiku, asije akamuunguza asiyeonekana. Na jini anapompanda mtu, mganga humuuliza jina kabla ya jambo lolote lingine, akamuuliza kabila lake, dini yake, anakotoka na anachotaka, awe anataka ubani, kitambaa cha rangi fulani au ngoma. Hofu yetu huanza kupungua jina linapotajwa, kwa sababu anayetajwa anaweza kusemezwa.

Katika ushoroba wa Ash Tree Lane hakuna wa kuulizwa. Wapelelezi wanaingia na taa, kamba na kamera, wanatembea kwa siku nyingi, na hakuna kitu wanachokikuta ila kuta za rangi ya majivu na baridi. Holloway, kiongozi wao, anarukwa na akili na kuwapiga risasi watu wake mwenyewe. Kijana wa Kibokoni aliyezoea kubisha hodi hata chumbani kwake alikutana kwa mara ya kwanza na mahali ambapo hodi haina maana, na kwa miaka mingi nilikuwa nikiwaambia marafiki kwamba hicho ndicho kitisho kikubwa kuliko vyote katika kitabu.

Siamini hivyo tena.

Delial

Kuna jina linalojitokeza mapema katika riwaya bila maelezo, kisha likaachwa lielee kwa kurasa nyingi. Delial. Msomaji anahisi kwamba Navidson amebeba kitu moyoni na kwamba kitu hicho kinahusika na sababu ya kuirudia nyumba kila mara, hata baada ya nyumba kuwaua watu. Mwishoni tunaelezwa. Delial ni mtoto wa kike wa Sudan, aliyedhoofishwa na njaa, ambaye Navidson alimpiga picha akiwa ameinama ardhini na tumbusi akimvizia nyuma yake. Picha hiyo ndiyo iliyompatia tuzo ya Pulitzer, tuzo kubwa ya uandishi wa habari huko Marekani. Katika barua anayomwandikia Karen akiwa amelewa, kabla ya kuingia gizani peke yake, anajilaumu kwa kutomwokoa.

Jina Delial mtoto alipewa na Navidson mwenyewe.

Na chini yake, kwa sauti yao kavu, wahariri wanatukumbusha kwamba picha hii bila shaka imetokana na ile ya Kevin Carter iliyopata tuzo hiyohiyo mwaka 1994.

Nilipokuwa kijana macho yangu yalikwenda kitabu kilikoyapeleka, kwenye ngazi na mngurumo. Mtoto amewekwa tanbihini, na katika kitabu chenye mamia ya tanbihi, nyingi zikitaja vitabu visivyokuwapo na maprofesa wa kubuni, msomaji hana sababu ya kusimama kwenye hii moja ambayo ni ya kweli. Safari hii nilisimama, nikakifunga kitabu, na sikukifungua kwa siku kadhaa.

Ayod

Carter, mpiga picha wa Afrika Kusini, alipita Nairobi Machi 1993 akaingia kusini mwa Sudan hadi kijiji cha Ayod, palipokuwa na kituo cha chakula. The New York Times lilichapisha picha yake tarehe 26 mwezi huohuo. Wasomaji waliuliza mno juu ya hatima ya mtoto, na siku chache baadaye gazeti likaandika kwamba alipata nguvu za kuendelea na safari baada ya tumbusi kufukuzwa, lakini haikujulikana kama alifika kituoni. Mwaka uliofuata Carter alipata tuzo, na Julai 1994, akiwa na umri wa miaka 33, alijiua.

Dunia iliyazungumza mno maumivu ya Carter, nami simnyimi huruma yake hata chembe. Lakini mwaka 2011 wanahabari wa gazeti la El Mundo la Hispania walikwenda Ayod wakauliza, na wakampata baba. Mtoto alikuwa wa kiume, na jina lake lilikuwa Kong Nyong. Alinusurika njaa ile, akakua, akafariki kwa homa mnamo mwaka 2007. Ukiitazama picha kwa makini utaona ukanda wa plastiki kwenye kifundo cha mkono wake. Alikuwa ameshaandikishwa na wagawaji wa chakula.

Kwa hiyo mwaka 2000, riwaya ilipotoka na jina la Delial ndani yake, Kong Nyong alikuwa hai.

Fikra hiyo ndiyo iliyonikosesha usingizi.

Barabara ya Lokichoggio

Marehemu mjomba wangu alikuwa dereva wa lori. Magunia ya mahindi ya msaada yaliposhushwa bandarini Kilindini, yeye na wenzake waliyapakia na kuanza safari ndefu kupitia Nairobi, Eldoret, Kitale na Lodwar, hadi Lokichoggio, karibu kabisa na mpaka, ambako ndege za mpango wa misaada wa Operation Lifeline Sudan, ulioanzishwa mwaka 1989, ziliyachukua na kuyavusha. Sehemu za mwisho za njia waliziendea kwa msafara, wakilindwa na askari wenye bunduki. Nilikuwa mdogo, na ninachokumbuka zaidi ni vumbi jekundu lililoganda kwenye mishono ya viatu vyake, ambalo bibi hakutaka lipite kizingitini.

Jioni alikaa barazani akasimulia, na masimulizi yake hayakuwa ya njaa. Yalikuwa ya watu. Alisimulia juu ya mvulana wa Kiturkana aliyemlindia lori usiku kucha kwa malipo ya chai ya maziwa, akamtaja jina, akamtaja baba yake, akataja hata jina la fahali ambalo baba huyo alijiitia kwa kujivuna. Siku aliposikia kwamba mvulana amehamia kwa jamaa zake Kakuma, alituarifu kama anayetuarifu habari za jirani wa Kibokoni.

Huo ndio utaratibu nilioukuta. Mtoto akionekana peke yake njiani Mombasa, awe analia, awe amepotea au anafanya utundu tu, mtu mzima wa kwanza kumfikia humuuliza: wewe mtoto wa nani? Swali hilo linamrudisha mtoto kwa watu. Likijibiwa, kazi inayobaki ni kutembea naye hadi mlangoni kwao.

Katika kurasa zaidi ya 700 za House of Leaves, hakuna hata mmoja anayeuliza Delial ni mtoto wa nani. Navidson haulizi, Zampanò haulizi, Johnny haulizi. Wahariri, waliojua picha ya kweli na mpigaji wake, wanamtaja mpigaji.

Je, ninakionea kitabu?

Nilijibishana na nafsi yangu kwa muda mrefu kuhusu jambo hili, kwa sababu hoja ya upande wa pili ni nzito. Riwaya nzima inahusu watu wanaowafunika wengine kwa maandishi. Kipofu anaandika juu ya filamu. Johnny anakiri kwamba amebadilisha maneno ya kipofu. Watu mashuhuri wa kweli wanasemeshwa maneno ambayo hawakuyasema. Mtu anaweza kudai kwamba ukimya wa Delial ndiyo mashtaka yenyewe, kwamba mwandishi alimfanya Navidson ambunie mtoto jina lile kusudi tuone jinsi mpiga picha anavyommiliki aliyempiga picha. Nilishikilia tafsiri hiyo kwa siku kadhaa, na nilitamani iwe kweli.

Kilichonitoa huko ni mama yake Johnny.

Pelafina naye yuko pembeni. Amefungiwa katika taasisi ya wagonjwa wa akili, na barua zake zimewekwa kwenye kiambatisho, kuelekea mwisho wa kitabu. Lakini ana sauti yake. Anabembeleza, anafoka, anatunga, na barua mojawapo ameiandika kwa fumbo, msomaji akilazimika kuchukua herufi ya kwanza ya kila neno ili aipate siri. Hakuna sehemu ya kitabu inayoniumiza moyo zaidi. Mwandishi aliyeweza kumpa uhai mkubwa namna hiyo mwanamke aliyefungiwa kiambatishoni alijua vizuri kwamba pembezoni mwa ukurasa panaweza kukaliwa na mtu kamili. Hata Holloway muuaji amechimbiwa maisha yake ya nyuma. Delial amepewa njaa, tumbusi, na jina kutoka kinywani mwa mwingine.

Hapo nikairudia ile robo inchi, nikaisoma kwa namna ambayo sikuwahi kuisoma. Tukio la nje lilikuwa dogo: mtoto mmoja, hatua chache kutoka alipokuwa mtu mwenye kamera, kwa dakika kadhaa. Ndani ya Navidson tukio hilo linakuwa kumbi, ngazi na usiku usio na kikomo, na sote tunaalikwa kuingia humo na kustaajabia ukubwa wake. Majuto yake yana nafasi kuliko mtoto mwenyewe. Nyumba ya Ash Tree Lane imejengwa hivyo hasa, ndani papana kuliko nje, na huenda Danielewski alikusudia tuuone uwiano huo. Hata kama alikusudia, alimwacha mtoto upande wa nje pamoja na tumbusi, akaingia ndani na taa zote.

Msimamo wangu, basi, ni kwamba riwaya hii ni kweli tupu inapozungumzia majuto, na haina neno kwa aliyesababisha majuto hayo. Ninaipenda bado. Nimeiweka rafuni, penye kufikika, na mtu akiniomba riwaya ya kutisha nitampa hiyo kabla ya nyingine yoyote.

Tom

Sehemu ninayoirudia sasa ni ile ambayo zamani niliipita mbio. Tom, ndugu yake Navidson, mlevi anayedharauliwa, ameachwa peke yake gizani ndani ya hema kuwasubiri wengine. Ili asiingiwe na wazimu anatengeneza vivuli vya wanyama kwa vidole vyake mbele ya taa, na anakitolea mizaha kile kitu kinachonguruma. Anakiita Bwana Zimwi. Kati ya wote walioingia nyumbani humo, wakiwa na vipimo na nadharia zao, Tom peke yake ndiye anayekisemeza, kwa adabu na jina la heshima, na ndiye pia niliyemwelewa bila jitihada, kwa sababu bibi yangu angefanya vivyo hivyo.

Baadaye nyumba inapochafuka na kuanza kuwameza, Tom ndiye anayekwenda kumchukua Daisy, binti wa Navidson. Anakimbia naye mikononi huku sakafu ikirudi nyuma chini ya miguu yake, anafika dirishani, anamkabidhi mtoto kwa baba yake aliyeko nje, kisha sakafu inafunguka naye anatumbukia. Ni kurasa chache tu, na ni kati ya kurasa bora nilizopata kusoma katika fasihi ya kutisha: uzito wa mtoto unausikia mikononi, na jina lake linatajwa.

Danielewski alijua, kwa hiyo, namna ya kuandika mtu mzima anayemfikia mtoto na kumbeba. Aliiandika kwa ustadi mkubwa, na akaiweka Virginia.